Kambi za Vumbi Jekundu: Maisha ya Askari baina ya Voi na Taveta, 1914–1918

Msafiri atokaye Voi leo kuelekea Taveta hupita Mwatate na Bura, akaiacha milima ya Wadawida mkono wake wa kuume, kisha huingia katika nyika pana ya vumbi jekundu, miiba na mibuyu, ambamo ni shida kupata maji ya kunywa mpaka afike mto Lumi. Na kwa kuwa gari humvusha nyika hiyo kabla kiu haijamshika, ni nadra akumbuke kwamba katika nchi hii majeshi mawili yalikaa yakitazamana kwa muda wa miezi kumi na tisa, na kwamba watu waliokufa humo kwa homa, kuhara na kiu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Vitabu vya majemadari huiita vita hiyo Vita Kuu ya Kwanza, na wazee wetu waliiita vita vya Wajerumani. Majina yote mawili ni sahihi kwa aitazamaye vita kutoka Ulaya. Walakini aingiaye kambini, akaketi karibu na moto wa askari na kusikiliza maneno yao, ataona kwamba kwa Mwafrika aliyeshika bunduki au kubeba mzigo vita hivi vilikuwa vya wenyewe kwa wenyewe, kwani waliopigana walikuwa watu wa asili moja na lugha moja, na majeruhi aliyelia usiku mbele ya boma aliomba maji kwa neno lile lile ambalo angelitumia yule aliyempiga.

Mstari wa mwaka 1886

Chanzo cha mambo haya ni mkataba wa mwaka 1886, ambao kwao Waingereza na Wajerumani waliigawa bara ya Sultani wa Zanzibar kwa mstari uliotoka pwani, kwenye mlango wa mto Umba, ukapanda kuelekea ziwa Nyanza, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro ili mlima ubaki upande wa Wajerumani na Taveta ibaki upande wa Waingereza. Mpindo huo mdogo wa wino ndio uliokuja kuwa mlango wa vita. Baina ya Kilimanjaro na milima ya Upare kuna pengo, na mbele ya pengo hilo ipo Taveta yenye mto, kivuli na migomba. Atakaye kuingia Moshi kwa jeshi kutoka Mombasa hana njia nyepesi kuliko hiyo, na atokaye Moshi akitaka kuikata reli ya Uganda hupita papo hapo.

Reli yenyewe ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na ilipofika 1898, mwaka ule simba walipowala wajenzi huko Tsavo, ilikuwa imekwisha kupita Voi. Tangu hapo Voi ikawa kituo, soko na njia panda. Kutoka hapo mpaka Taveta ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na huo ndio umbali ambao majeshi yalikuja kuugombea kwa jasho na damu.

Amma askari, inafaa tujue walikotoka. Mwaka 1889 Mjerumani Wissmann, alipotumwa kuvunja vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani wa pwani, aliajiri Wasudani huko Misri, ambao wengi wao walikuwa wamelitumikia jeshi la Khedivu. Na mwaka 1891 Mwingereza Lugard naye alikwenda akawachukua Wasudani wa jeshi hilo hilo, waliokuwa wameachwa na Emin Pasha, akawaleta Uganda. Kwa hiyo shina moja likatoa matawi mawili: moja likawa msingi wa jeshi la Wajerumani, na la pili likaingia katika King's African Rifles, yaani KAR, iliyoundwa mwaka 1902. Zaidi ya hayo, Waingereza kwa kubana matumizi walikivunja kikosi cha pili cha KAR mwaka 1911, na baadhi ya askari wake, wasiojua kazi nyingine ila ya bunduki, walivuka mpaka wakajiandikisha kwa Wajerumani. Baada ya miaka mitatu tu waliwakuta waliokuwa wenzao katika KAR upande wa pili wa shabaha.

Agosti 1914

Uingereza ilitangaza vita tarehe 4 Agosti 1914, na tarehe 15 mwezi huo huo Wajerumani, wakiongozwa na Tom von Prince, waliingia Taveta. Kikosi kidogo kilichokuwapo kikarudi nyuma. Wiki hizo Waingereza hawakuwa na jeshi la maana katika nchi. Ndipo meli zikaleta Wahindi, na mwanzoni mwa Novemba jeshi kubwa lililoshushwa Tanga likashindwa vibaya mno hata likapanda tena merikebuni na kuacha bunduki na risasi nyingi pwani. Von Prince mwenyewe aliuawa siku hizo.

Kushindwa huko Tanga ndiko kulikozaa maisha ya kambi ninayotaka kuyaeleza. Amri ikatoka London kwamba jeshi la Afrika Mashariki likae na kulinda tu, lisithubutu kushambulia mpaka lipate nguvu. Kwa sababu hiyo mwaka wote wa 1915 ukawa mwaka wa kungoja.

Reli na bomba

Vita vya nyika hii vilikuwa vita vya maji. Wajerumani waliokuwa Taveta walikuwa na Lumi nyuma yao, na waliposogea mbele wakaweka ngome juu ya kilima cha Salaita na kituo Mbuyuni, maji yalipelekwa huko kwa mabega ya watu. Waingereza walikuwa na mito ya milimani Bura, na mbele ya Bura hawakuwa na kitu.

Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 1915 mafundi wa jeshi la India walianza kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na kandokando yake wakalaza bomba la kuleta maji kutoka vilima vya Bura. Katikati ya mwaka huo reli ikafika Maktau, na hapo pakawa kambi kubwa. Nionavyo mimi, bomba hilo lilifanya kazi kuliko mizinga yote iliyoletwa, maana jeshi lilikwenda mbele kwa kadiri lilivyokwenda bomba, na bomba liliposimama jeshi nalo lilisimama.

Wajerumani walilijua jambo hilo. Makundi yao madogo, Mzungu mmoja au wawili pamoja na askari na wapagazi wachache, yalitoka upande wa mpaka yakavuka nyika kwa siku kadhaa na chupa za maji za kuhesabu, wakafukia baruti chini ya reli kisha wakarudi. Wengine hawakurudi, kiu iliwaangusha njiani. Ikawa garimoshi la kutoka Mombasa hutembea usiku kwa hofu, na kando ya reli pakawekwa vituo vya walinzi, watu wachache katika kila kituo, wakisikiliza faru akivunja vichaka na wasijue ni faru au ni adui.

Tarehe 14 Julai 1915 Waingereza walijaribu kuichukua Mbuyuni, nao wakarudishwa. Baada ya hapo walijifungia Maktau mpaka mwaka ulipokwisha.

Ndani ya boma la miiba

Kambi ya Maktau ilizungushiwa miiba iliyokatwa nyikani na kurundikwa ukuta, na ndani ya miiba yalichimbwa mahandaki. Kabla ya alfajiri kila mtu aliamshwa kimya kimya akaingia handakini na bunduki yake, kwa kuwa saa hiyo ndiyo adui aipendayo. Na huko walikaa wakitetemeka kwa baridi ya nyika, ambayo haifanani kamwe na joto la mchana, mpaka jua lilipopanda na Kilimanjaro kuonekana upande wa magharibi, nyeupe na safi, kana kwamba mlima huo haukuwa ndio sababu ya wao kuwapo pale. Kisha baragumu lililia, na kazi ya siku ikaanza.

Kazi hiyo haikuwa vita. Ilikuwa kuchimba, kukata miiba, kupakua mabehewa, kulinda bomba, kwenda doria, na kungoja zamu ya maji. Askari alipimiwa maji yake, na humo humo alitakiwa apate ya kunywa, ya kupikia na ya kujisafishia. Mwenye busara aliyanywa kidogo kidogo, akayazungusha kinywani kwanza kabla ya kuyameza. Mgeni aliimaliza chupa yake kabla ya adhuhuri, kisha akateseka mpaka magharibi. Vumbi jekundu liliingia katika unga, katika vidonda, katika mtutu wa bunduki na katika macho ya nyumbu, na nguo za mataifa yote zikawa na rangi moja.

Na mataifa yalikuwa mengi. Walikuwapo Waingereza wa kutoka Lancashire, Wazungu wa Rhodesia, na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, ambamo vijana wageni walichanganyika na watu wazima waliokwisha kuzunguka dunia, mmoja wao akiwa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, aliyekuwa amepita umri wa miaka 60 na ambaye aliuawa karibu na Rufiji Januari 1917. Walikuwapo Wapunjabi na Wabaluchi. Walikuwapo askari wa KAR. Kila jamii ilikuwa na jiko lake na chakula chake: nyama ya kopo na biskuti kwa Wazungu, unga wa ngano, dengu na samli kwa Wahindi, na mchele au unga wa mahindi kwa Waafrika. Moshi wa majiko hayo ulichanganyika juu ya kambi, bali wapishi hawakuchanganyika.

Lipo jambo moja ambalo waandishi wengi hulipita, nalo ni dini. Ramadhani ya mwaka 1333 wa Hijra iliandama katikati ya Julai 1915, siku zile zile za vita vya Mbuyuni, na katika majeshi yote mawili walikuwamo Waislamu kwa mamia. Kabla ya hapo, Novemba 1914, ilitolewa fatwa ya jihadi kutoka Istanbul, mji wa Khalifa, na Wajerumani, kwa kuwa walikuwa upande wa Waturuki, waliitangaza kwa bidii. Kikosi cha 130 cha Wabaluchi kiliasi huko Rangoon mwezi wa Januari 1915, na miongoni mwa sababu zake ni kuchukia kupelekwa kupigana na Waturuki. Waasi wakaadhibiwa vikali, kisha kikosi hicho kikaletwa katika nyika hii ya Voi. Fikiri, basi, hali ya mtu huyo: amekataa kumpiga Muislamu mwenziwe wa Kituruki, na hapa Maktau anaambiwa ampige askari Msudani aliyetia udhu asubuhi ile ile upande wa pili wa mbuga.

Lugha nayo ilikuwa moja. Katika kambi zote mbili Kiswahili ndicho kilichoendesha kazi. Posho ilikuwa posho kwa Mwingereza na kwa Mjerumani, boma lilikuwa boma, na bunduki ya rasharasha iliitwa bombomu kwa mlio wake. Vyeo vya ombasha na shaushi vilikuwa vya Kituruki, vilivyokuja na Wasudani kutoka Misri. Adhabu nazo zilifanana, maana kiboko kilikuwa sheria ya pande zote mbili, na neno la “hamsa ishirini”, yaani fimbo ishirini na tano za Mjerumani, lilifahamika mpaka ng'ambo ya mpaka. Askari wa Kijerumani alifuatwa na mkewe na mtumishi wake mdogo, na jioni wanawake hao waliwapikia waume zao kama walivyowapikia nyumbani. Mwendo wa jeshi lao ulikuwa mwendo wa kijiji kizima.

Maradhi hayakuchagua bendera. Malaria, kuhara damu na vichomi vya mapafu viliyajaza mahema ya wagonjwa, na tekenya waliokula vidole vya miguu waliwafanya askari wazima watembee kwa visigino. Garimoshi lililopanda na risasi lilishuka na wagonjwa mpaka Voi. Farasi walikufa kwa ndorobo wengi mno hata harufu ya mizoga ikawa sehemu ya hewa ya kambi, na usiku simba na fisi waliizunguka miiba kwa ajili yake.

Miongoni mwa makaburi ya Voi lipo la Wilbur Dartnell, luteni wa Royal Fusiliers, mzaliwa wa Australia. Tarehe 3 Septemba 1915 kundi lake lilikutwa na adui karibu na Maktau, naye akapigwa mguuni. Wenzake walikuwa wakimchukua, walakini alipoona kwamba majeruhi wengine hawawezi kuondolewa na kwamba adui yu karibu sana, aliwataka wamwache pamoja nao, kwa tumaini la kuwaokoa. Waliuawa. Nishani ya Victoria Cross ilitolewa kwa jina lake.

Watu wa mzigo

Nimemtaja luteni; sasa nimtaje yule asiyetajwa. Agosti 1914 serikali iliunda jeshi la wapagazi, Carrier Corps, chini ya Oscar Watkins, na kinywa cha Mswahili kikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Mwanzoni waliajiriwa kwa hiari. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwashika kwa nguvu. Na mwaka 1917, John Ainsworth alipokabidhiwa kazi hiyo, kila wilaya ilitakiwa kutoa vijana wake mpaka vijiji vikabaki na wazee na watoto. Ujira wao ulipunguzwa ukawa rupia zipatazo 5 kwa mwezi.

Mpagazi hakuwa na hema, na aghalabu hakuwa na viatu. Blanketi lake lilikuwa moja. Alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, naye pengine ametoka kwao kwenye mtama, viazi au ndizi, na hakupewa muda wala kuni za kuupika ukaiva. Unga huo mbichi ulimkwaruza matumbo, akashikwa na kuhara, na akihara leo kesho hubeba mzigo ule ule. Nathubutu kusema kwamba sufuria lisiloiva liliua watu wengi kuliko bombomu. Hesabu ya serikali yenyewe ya wapagazi waliokufa yapita 40,000, na wanahistoria wengi huamini kuwa haikufika ukweli.

Kasigau

Raia nao hawakusalimika. Kusini ya Voi, mlima wa Kasigau umesimama peke yake katika nyika, na watu wake walikuwa wakulima waliokaa juu ya maji yao. Agosti 1915, baada ya Wajerumani kukishambulia kituo cha Waingereza mlimani hapo, wenyeji walituhumiwa kwamba ndio walioonyesha njia. Hapakuwa na kuchagua mwenye kosa na asiye na kosa: vijiji vilichomwa moto, na watu wote, wanawake na watoto pia, wakaswagwa mpaka Malindi, ambako joto na homa za pwani ziliwaua kwa wingi. Wajerumani waliuteka mlima wenyewe Desemba, na wakauacha Januari. Waliosalia wa Wakasigau walirudi katika ardhi yao miaka ya 1930.

Ninapolifikiri jambo hili naona kwamba hakuna tendo katika vita vya nchi hii lililofanana zaidi na fitina za vita vya ndugu, ambamo jirani hushitakiwa kwa kuwa ni jirani.

Salaita, 1916

Mwaka 1916 ulileta majeshi kutoka Afrika Kusini. Mbuyuni ilichukuliwa Januari, reli ikasogezwa, kambi mpya ikawekwa Serengeti, mbele kidogo ya Mbuyuni, na tarehe 12 Februari brigedi ya Afrika Kusini ikapelekwa kuitwaa Salaita. Vijana hao walikuja na dharau mbili: kwamba askari mweusi hawezi kusimama mbele ya Mzungu, na kwamba Muhindi ni kuli. Siku hiyo askari wa Kijerumani walitoka katika vichaka na singe, na brigedi ikavunjika ikarudi mbio kuelekea Serengeti, ikapoteza watu 133. Na waliosimama wakauzuia mkimbizano huo walikuwa Wabaluchi wa kikosi cha 130, wale wale walioasi Rangoon. Husimuliwa kwamba waliokota bombomu lililotupwa na Waafrika Kusini, wakalirudisha kwa wenyewe pamoja na barua ya adabu, wakiomba wasiitwe tena makuli.

Siku saba baadaye Jenerali Smuts, mkuu mpya wa jeshi la Waingereza, alishuka Mombasa. Mwezi wa Machi aliizunguka Salaita kwa upande wa kaskazini, Wajerumani wakaiacha bila kupigana, na tarehe 10 Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza. Usiku wa tarehe 11 palipiganwa katika vilima vya Latema na Reata, gizani, kwenye mawe na miiba, hata mtu asiweze kumjua mwenziwe ila kwa sauti. Hapo aliuawa Luteni-Kanali Graham, mkuu wa kikosi cha tatu cha KAR. Asubuhi Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka. Mvua kubwa zikaanza, na vita vikahamia Pangani, Morogoro, Rufiji na Msumbiji, vikiwavuta wapagazi nyuma yake.

Kambi zilipovunjwa

Reli ya Voi ilipelekwa mpaka Kahe ikaungana na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga, na vituo vya jeshi vikawa vituo vya mkonge na mahindi. Mwaka 1917 Waingereza, kwa uhaba wa watu, waliunda kikosi cha sita cha KAR kwa askari mateka waliokuwa wa Wajerumani. Watu hao walivua kofia moja wakavaa nyingine, wakapokea posho ile ile kwa lugha ile ile, wakaelekeza bunduki kwa wenzao wa jana. Hakuna dalili kwamba walipigana vibaya.

Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Kabla mwaka haujatoka, homa ya mafua na njaa viliingia Kenya, vikawakuta waliorejea hawana nguvu. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao, maana majina yao hayakuandikwa sawasawa, na serikali ikaona ni vyema fedha hizo zibaki kwake.

Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wapatao 116,000, na pengine zaidi, waliofia majeshi ya Uingereza katika vita hivyo, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Makaburi ya Voi yapo, yamefagiliwa, majina yamechongwa wazi, na Dartnell yumo. Mita chache nje ya makaburi hayo huanza vumbi lile lile jekundu, na mvua ikinyesha hushuka na kupotea mchangani kabla haijafika mbali.